Aliyeokota Almasi Jangwani Hakupata Hata Thumni

Zile picha za nyumba zilizojaa mchanga hadi madirishani umeziona sana Instagram, na wengi wanadhani zimetengenezwa kwa kompyuta. Hapana. Ni Kolmanskop, Namibia, nje kidogo ya mji wa bandari wa Lüderitz. Ukiendelea kusini kwa gari la 4x4, ukiwa na kibali na mwongozaji, unafika Pomona, mgodi mwingine uliotelekezwa jangwani.

Stori inaanza 1908. Enzi hizo Mjerumani alitawala kule, kama alivyotawala huku Tanganyika. Mfanyakazi mmoja Mwafrika alikuwa anaondoa mchanga kwenye reli, akaona kijiwe kinang'aa. Jamaa alishawahi kufanya kazi Kimberley, kwenye migodi ya almasi ya Afrika Kusini, kwa hiyo alijua kabisa ameshika nini. Akampelekea bosi wake. Bosi akachukua leseni chap chap, akawa tajiri. Aliyeokota? Hakupewa kitu.

Hata reli yenyewe ina mambo. Kipande hicho kilijengwa 1905 hadi 1906, na waliofanyishwa kazi kwa nguvu ni mateka Waherero na Wanama. Wengi wao walifia hapo. Miaka hiyo hiyo, huku kusini mwa Tanganyika, Maji Maji ilikuwa imepamba moto.

Basi almasi zikaleta starehe. Kolmanskop ikapata ukumbi wa dansi, kiwanda cha barafu na hospitali yenye eksirei, katikati ya jangwa! Kule Pomona almasi zilikuwa juu juu tu ya mchanga, vibarua wanatambaa kwa magoti wakiokota kwa mikono.

Mwaka 1928 zikapatikana almasi kubwa zaidi kusini, karibu na mto Orange. Watu wakaanza kuhama, na kufikia 1956 Kolmanskop ikabaki tupu. Mchanga ukaingia bila hodi. Hata yule bosi alikufa 1947 akiwa amefilisika.

Sasa cheki tena zile picha. Nyumba unazoziona ni za meneja, mwalimu, mhasibu. Waliotambaa mchangani hawamo. Ukijaliwa kufika, piga picha zako freshi tu, ila sogea pia hadi relini. Hapo ndipo utajiri wote ulipoanzia, mkononi mwa mtu aliyerudi nyumbani mikono mitupu.