Kufunga taa za projekta kwenye gari nyumbani

Dereva anayesafiri usiku kati ya Nairobi na Mombasa, au kati ya Dar es Salaam na Morogoro, anaifahamu hali hii: gari linatokea mbele, taa zake nyeupe kama radi, na kwa sekunde mbili tatu barabara yote inatoweka machoni. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 3 ni zaidi ya mita 65 zinazopitwa gizani. Aghalabu mwenye gari hilo hakuwasha mwanga wa mbali, ule madereva wanaouita fuli. Ni mwanga wake wa karibu, isipokuwa amechomeka balbu ya zenoni ndani ya taa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni.

Taa ya projekta ilibuniwa ili dereva apate mwanga mwingi bila kumpofusha anayemkabili. Magari mengi hutoka nayo kiwandani. Mengine, hasa yale madogo yaliyotoka Japani yakiwa na balbu za H4, hayana, na wenye nayo huamua kuifunga wenyewe. Kazi hiyo inawezekana nyumbani, lakini si ya alasiri moja.

Projekta ni nini

Katika taa ya kawaida, kioo kilichopinda nyuma ya balbu hutawanya mwanga mbele. Umbo lake limekokotolewa kufuatana na mahali hasa ulipo uzi wa balbu, kwa usahihi wa milimita. Balbu ya zenoni haina uzi. Mwanga wake hutoka katika cheche ya umeme kati ya ncha mbili. Cheche hiyo haina umbo la uzi, wala haikai pale pale. Kwa hiyo mwanga huruka kila upande, ukiwamo ule wa juu ambako yako macho ya dereva mwingine.

Projekta hufanya kazi kwa namna nyingine. Balbu hukaa ndani ya kikombe chenye umbo la yai, ambacho hukusanya mwanga wote mahali pamoja. Hapo pamewekwa kipande cha chuma kinachoziba sehemu ya mwanga, na mbele yake kuna lenzi nene ya duara. Lenzi huipindua taswira chini juu, na matokeo yake ni mstari ulio wazi ukutani: chini yake nuru, juu yake giza. Katika projekta zenye kazi mbili, sumaku ya umeme huvuta kile chuma dereva anapotaka mwanga wa mbali.

Faida yake huonekana katika takwimu. Balbu ya halojeni ya H7 hutumia wati 55 na kutoa lumeni zipatazo 1,500. Balbu ya zenoni ya D2S hutumia wati 35 na kutoa lumeni 3,200 hivi. Teknolojia hiyo iliingia katika magari ya kuuzwa kwa umma mwaka 1991, katika BMW ya mfululizo wa 7. Rangi nayo imezua imani potofu: balbu za kiwandani huwa na kelvini 4,300 hivi, nyeupe yenye umanjano kidogo. Zile za buluu za kelvini 8,000 hupendwa kwa mapambo, ilhali mwanga wake ni mdogo zaidi.

Kushoto au kulia

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe halionekani dukani. Ule mstari wa mwanga haujanyooka. Upande mmoja hupanda juu ili kuangaza kando ya njia, walipo waenda kwa miguu na alama za barabarani. Kenya, Tanzania, Uganda, Uingereza na Japani magari hupita kushoto, kwa hiyo mstari hupanda upande wa kushoto. Oman, Falme za Kiarabu, Marekani, Ulaya bara, Kongo, Rwanda na Burundi hupita kulia, na mstari hupanda kulia.

Ndugu aliyeko Dubai au Ujerumani anayetuma nyumbani Mombasa projekta zilizofunguliwa katika gari la huko, basi, hutuma taa ambazo sehemu yake iliyo juu itawaelekea moja kwa moja wanaokuja. Kuzishusha hakutatui tatizo, kwani hapo dereva mwenyewe atapoteza mwanga wake. Katika Burundi na mashariki ya Kongo shida ni ya kinyume: magari mengi yenye usukani wa kulia yaliletwa kutoka Japani na taa zake za upande wa kushoto, na hayo hutembea katika nchi za kupita kulia. Mwenye gari la namna hiyo ana sababu nzuri ya kubadilisha taa kuliko urembo.

Taa zilizotengenezwa kwa kanuni za Ulaya hubeba alama. Ukisimama mbele ya taa na kuikuta ina mshale unaoelekea kulia kwako, hiyo ni ya nchi za kupita kushoto. Isipokuwa na mshale ni ya kupita kulia, na mshale wenye vichwa viwili hutumika kote. Projekta iliyonunuliwa peke yake bila taa yake huwa haina alama hiyo. Njia ya hakika ni kuiwasha mbele ya ukuta kabla ya kulipa.

Kuifungua taa

Taa huondolewa katika gari betri ikiwa imekatwa waya. Magari mengi hulazimu kufungua bampa kwanza. Kisha hutolewa balbu, mipira, skrubu na vibanio vyote, maana skrubu moja iliyosahaulika huvunja plastiki.

Kioo cha mbele hushikana na mwili wa taa kwa gundi nyeusi. Ile inayolainika kwa joto, ambayo hupatikana katika taa nyingi za Kijapani, hufunguka taa ikikaa katika oveni yenye nyuzi joto kati ya 100 na 120 za Selsiasi kwa dakika 8 hadi 10. Taa huwekwa juu ya ubao, isiguse chuma. Kisha huvutwa taratibu kwa mikono miwili yenye glavu, bisibisi bapa ikisaidia pembeni. (Wenye jiko watalalamikia harufu, na wana haki.) Asiye na oveni hutumia mashine ya kupuliza hewa ya moto, akizunguka kidogo kidogo. Zipo taa zenye gundi ngumu isiyolainika kabisa, hasa katika baadhi ya magari ya Ulaya na Marekani. Hizo hukatwa, na anayeanza afadhali asiziguse.

Kuikaza projekta

Projekta ndogo zilizotengenezwa kwa kazi hii hupitisha shina lake katika tundu la balbu ya H4 na kukazwa kwa nati nyuma. Zilizotolewa katika gari jingine huhitaji kukatiwa nafasi na kutengenezewa vishikio vya chuma.

Skrubu za gari zitapandisha na kushusha taa, au kuipeleka kando, lakini hazitaizungusha. Projekta iliyokaa mshazari itabaki mshazari daima. Kwa sababu hiyo taa hurudishwa garini ikiwa bado wazi, huwashwa usiku mbele ya ukuta, na nati hukazwa pale tu mstari unapokuwa sambamba na ardhi kwa taa zote mbili. Mafundi wenye haraka huiruka hatua hii, na magari yao hutambulika barabarani, jicho moja likitazama ardhini na jingine mitini.

Ndipo vumbi hufutwa, gundi mpya huwekwa katika mfereji wote, na taa hufungwa ingali na joto. Mwanya mdogo hutosha kuingiza mvuke, na msimu wa masika hauchelewi kuufichua.

Umeme

Balbu ya zenoni huwashwa na kifaa kiitwacho balasti, ambacho wakati wa kuwasha hutoa zaidi ya volti 20,000. Kuishika waya wake taa ikiwaka ni hatari ya kweli. Balasti huvuta umeme mwingi inapoanza, kwa hiyo hupewa waya wake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi karibu na betri na rilei inayoamriwa na waya wa zamani. Katika gari la H4, swichi ikihamia mwanga wa mbali huzima ule wa karibu; nyaya mpya lazima ziiache zenoni ikiwaka na kuamuru sumaku tu. Baadhi ya magari ya Kijapani, Toyota yakiwamo, hukata umeme upande wa hasi, jambo ambalo humshangaza fundi asiyelijua.

Mwisho ni kupima mahali tambarare, gari likiwa na uzito wake wa kawaida. Mita 10 kutoka ukutani, mstari uwe sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya lenzi. Shehena nzito nyuma huinua taa, na ndiyo maana kanuni za Ulaya zinadai taa zinazozidi lumeni 2,000 ziwe na mtambo wa kujishusha zenyewe na wa kujisafisha.

Waishio ng'ambo wana la kuangalia zaidi. Nchini Uingereza, mwongozo wa ukaguzi wa MOT unaelekeza kwamba gari lenye taa ya halojeni iliyobadilishwa kwa balbu za zenoni lifelishwe. Kampuni ya bima nayo hutaka kuarifiwa mabadiliko ya gari, na ni bora taarifa hiyo iifikie kabla ya ajali.