Mtani Msibani



Juma hili turudi nyuma hadi Novemba 1993. Simba ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kutoka sare ya bila kufungana na Stella huko Abidjan, katika fainali ya Kombe la CAF, na sasa mchezo wa marudiano ulikuwa nyumbani. Hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imefika fainali ya Afrika kabla yake. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwapo uwanjani, na wachezaji walikuwa wameahidiwa kila mmoja gari. Wageni wakashinda 2–0.

Kufungwa kulikuwa na uchungu wake. Uchungu mwingine ni ule wa kumwona jirani akiufurahia. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyozaliwa mwaka uliofuata, huitwa watani wa jadi. Nasi tumezoea kuona shabiki wa upande mmoja akiishangilia timu ya ng'ambo ili tu mwenzake aumie. Je, huo ndio utani tulioachiwa na wazee?

Utani ulikua sana katika njia za misafara, zile zilizotoka pwani zikapita Ugogo kwenda Unyamwezi, hizi nchi zetu ambazo reli ya kati ilikuja kuzipita baadaye. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana. Msibani mtani aliwachekesha wafiwa, akamwigiza marehemu, hata akazuia mazishi mpaka apewe chochote. Lakini mtani huyo huyo alishika jembe na kuchimba kaburi. Aliyekuja kucheka tu, mikono mitupu, hakuwa mtani. (Vijana wetu wengi wameirithi nusu ya kwanza, ya pili hatukuwafundisha.)

Zamu ya Yanga ilifika mwaka 2023, katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Mei 28, Jumapili ya Pentekoste, ilifungwa 2–1 na USM Alger jijini Dar es Salaam. Juma lililofuata ikashinda 1–0 kule Algiers, na bado ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Kushinda ugenini na kurudi mikono mitupu! Hata hivyo wachezaji walipokewa kwa heshima, na Rais Samia Suluhu Hassan akawaandalia chakula Ikulu.

Kisha ikawa tena Simba. Mei 25, 2025, baada ya kufungwa 2–0 na RS Berkane nchini Morocco, ilitoka sare ya 1–1 Zanzibar, katika uwanja wa Amaan. Kombe likaenda Morocco.

Hapa Itigi tuliwafahamu waamini wawili wa jumuiya moja ndogondogo ambao, kwa ajili ya mechi, waliwahi kukaa majuma kadhaa bila kusalimiana, na sala za jumuiya zikahamishwa nyumba ili wasikutane. Tulihofia jioni ile ya Mei. Asubuhi yake yule wa Yanga alifika kwa jirani yake amevaa jezi ya kijani, akabisha hodi kwa sauti ya kuwaamsha wote, akamwita “Mzee wa Berkane”. Mwenye nyumba alinuna. Mgeni akavua kofia, akampa pole, kisha wakapandisha pamoja magunia ya alizeti kwenye mkokoteni, maana ilikuwa siku ya kwenda kukamua mafuta.