Bunduki Fupi ya Wenzo: Je, Inafaa kwa Kuwinda na kwa Kujifurahisha?

 

Tumeletewa swali na mzee mmoja wa Unguja ambaye mwanawe anaishi Ohio, Marekani. Kijana amezoeana na wenzake wa kazini wanaokwenda kuwinda kulungu kila mwaka, na sasa anataka kununua silaha yake mwenyewe. Si bunduki ya kawaida, bali ni ile fupi ya kuvutwa kwa wenzo, inayotumia risasi nene, ambayo kwa sheria za kule huhesabiwa kuwa ni bastola. Mama yake hapendi kabisa. Baba anauliza mambo mawili: nyama yake italika? Na je, silaha yenyewe ina maana, au ni mchezo wa sinema?

Tuanze na la pili, kwa sababu hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe, na huku kwetu visiwani wengi hatujawahi kuiona silaha ya namna hii.

Wamarekani huiita Mare's Leg, yaani mguu wa farasi jike. Jina hilo halikutoka kwa wachunga ng'ombe wa zamani, kama wengi wanavyodhani. Limetoka kwenye televisheni. Kati ya mwaka 1958 na 1961 kulikuwa na mchezo wa mfululizo ulioitwa Wanted: Dead or Alive, na mchezaji wake mkuu, Steve McQueen, alivaa kiunoni bunduki ya Winchester ya mwaka 1892 iliyokatwa mtutu na kitako. Hata risasi alizopanga kwenye mkanda hazikuwa za bunduki ile. Zilikuwa kubwa zaidi, zimewekwa ili zionekane vizuri kwenye picha. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba silaha hii ni sinema hajakosea sana katika asili yake.

Viwanda vikaja baadaye vikaitengeneza kweli. Ya Henry ya Marekani ina mtutu wa inchi 12.9 (karibu sentimita 33), urefu wote ni inchi 25, uzito unapita kilo mbili na nusu, na inachukua risasi 5. Ya Rossi ya Brazil, iliyouzwa kwa jina la Ranch Hand, ni nyepesi zaidi, ina mtutu wa inchi 12 na inachukua risasi 6. Zote mbili zimetoka kwa risasi za .357 Magnum, .44 Magnum na .45 Colt. Hizi mbili za mwisho ndizo watu wanazoziita nene. Ya .44, iliyoanza kuuzwa mwaka 1955, kichwa chake kina upana wa karibu milimita 11, na uzito wake wa kawaida ni kiasi cha gramu 15 na nusu. Ya .45 Colt ni ya mwaka 1873, ni pana zaidi kidogo lakini huenda polepole.

Inavyofanya kazi ni hivi. Chini ya mahali pa kufyatulia kuna mkono wa chuma, huo ndio wenzo. Ukiusukuma chini na mbele, ganda lililokwisha kutumika linatoka na nyundo inajifunga. Ukiurudisha, risasi mpya inapanda kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Kwa kuwa risasi ndani ya bomba hupangwa moja nyuma ya nyingine, kichwa cha ya nyuma hugusa kitako cha ya mbele, penye baruti ya kuwashia. Ndiyo maana hazitiwi risasi zenye ncha ngumu iliyochongoka, bali zenye kichwa bapa au ncha laini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kijana alijue hili kabla hajajua jengine lolote.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 inataka bunduki iliyokatwa ikawa na mtutu chini ya inchi 16, au urefu chini ya inchi 26, isajiliwe kwa serikali kuu kwa idhini maalumu. Hii imeepuka hukumu hiyo kwa sababu imezaliwa fupi kiwandani na haina kitako cha begani, basi ikaandikwa bastola. Mwenye kuifunga kitako cha bega nyumbani kwake bila idhini ametenda kosa kubwa la jinai, hata kama nia yake ilikuwa apige vizuri tu. Na kwa kuwa ni bastola, muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Tena aliyeko kule kwa viza ya muda, si mkaazi wa kudumu, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha kabisa, isipokuwa kwa vigezo vichache, na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mzee amuulize mwanawe karatasi zake zikoje kabla ya kumuuliza anataka kununua nini. Muislamu anafungwa na ahadi, na viza ni ahadi.

Sasa ubora wake. Nguvu inayo. Risasi ya .44 ikitoka kwenye bastola ya kawaida huenda kiasi cha mita 400 kwa sekunde, na ikitoka kwenye bunduki ya mtutu wa nusu mita hupita 500. Hii fupi yetu iko katikati. Kulungu wa Marekani akipigwa mahali pake kwa karibu, haitamshinda. Tatizo ni mkono. Bastola unaishika kwa mikono ukainyoosha. Bunduki unaitegemeza begani, shavu likalala juu ya kitako, jicho likakaa nyuma ya kilengeo. Hii ni nzito mno kunyooshwa kama bastola, na haina cha kuweka begani. Vilengeo vyake navyo ni vya bunduki, vimewekwa kwa jicho lililo karibu. Wapo wanaoiegemeza kwenye shavu ili walenge vizuri. Kwa risasi ya .44 hilo ni kutafuta kung'olewa meno, kwani inapiga teke nyuma. Na ile ya kuizungusha kwa mkono mmoja kama kwenye sinema, usimuone mtu anafanya ukakaa karibu naye.

Kwa hiyo bunduki kamili ya wenzo, yenye risasi ile ile, inampiga mnyama kwa uhakika kwenye mita 100, na hii fupi, mikononi mwa watu wengi, haifai kutumainiwa kupita mita 40 au 50. Bei yake nayo haitofautiani sana na ya ile kamili. Anayetaka kuwinda amelipa pesa zile zile akapata pungufu. Faida yake ya kweli ni moja: ni fupi. Inakaa vizuri mgongoni kwa mtu anayetembea porini penye dubu, au anayepanda juu ya mti kumvizia kulungu atakayepita chini yake. Ohio yenyewe inaruhusu kumuwinda kulungu kwa bastola yenye mtutu usiopungua inchi 5 na risasi ya ganda lililonyooka ya kipenyo cha .357 au zaidi, basi kwa sheria kijana hana shida. Ila ana mafunzo ya uwindaji ya kupitia kwanza, na nguo ya rangi ya machungwa ya kuvaa.

Tuje kwenye nyama.

Asili ya hukumu ni Hadith ya Adiy bin Haatim (Radhiya Allahu anhu), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alipomuuliza Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kuhusu kuwinda kwa mi'raadh, fimbo nzito ya kurushwa. Akafahamishwa kwamba kilichotobolewa kinaliwa, na kilichopigwa kwa ubapa wake kikafa hakiliwi, kwani hicho ni mawquudha, aliyekufa kwa kipigo, naye ametajwa miongoni mwa walioharamishwa katika Suratul Maaidah, aya ya 3. Zilipotokea bunduki za baruti wanavyuoni wakakhitalifiana. Katika vitabu vya madhhab yetu ya Shafii vya karne za nyuma utakuta katazo, na Mahanafi wengi nao walikataza, wakiona risasi inaua kwa msukumo na moto. Wanavyuoni wa Kimaliki wakahalalisha, na Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1250 Hijria, akaona kwamba risasi inatoboa, basi inaingia kwenye kilichohalalishwa. Hili ndilo walilo nalo wengi wa wanavyuoni wa zama zetu, na ndilo tunalolifuata. Waliokataza waliziona risasi za duara za zama zao. Sisi tunaiona risasi inaingia ubavu mmoja na kutokea wa pili.

Mtu anaweza kusema: lakini hii nene ina kichwa bapa, nzito, ya polepole, si inaponda kuliko kutoboa? Tumeliangalia hilo. Kichwa chake ni bapa lakini kinapenya, na mara nyingi .44 hupita mwilini mwa kulungu mzima. Hukumu ni ya kupenya, si ya umbo. Risasi za mpira au za nta ndizo zisizohalalisha.

Bismillah isemwe wakati wa kufyatua, si wakati wa kujaza risasi nyumbani. Kwa Shafii ni Sunna, kwa wengi wa wengine ni wajibu kwa mwenye kukumbuka, basi asiiache. Mnyama akiangukia majini akakutwa amekufa, na haijulikani kama ni maji au risasi iliyomuua, asiliwe. Hilo nalo limo katika Hadith ya Adiy.

Lililo zito zaidi, na ambalo kijana huenda wenzake hawalijui, ni la risasi ya pili. Wenye kuisifu silaha hii husema ni nzuri ya kummalizia mnyama aliyeanguka, kwa kuwa ni fupi na wenzo wake ni mwepesi. Hapo pana mtego. Mnyama akishaanguka, akawa mikononi mwako, hawezi kukimbia, na uhai umo ndani yake, hukumu ya kuwinda imekwisha na imeingia hukumu ya kuchinja. Ukimpiga risasi ya kichwa badala ya kumchinja, umejifanyia nyamafu kwa mkono wako, na safari nzima imekwenda bure. Akiwa bado anaweza kukimbia au kukurukia, risasi ya pili ni katika kuwinda na hapana neno. Kwa hiyo kisu kikali kiunoni ni wajibu kuliko silaha yenyewe, na ajifunze kuchinja kabla ya kujifunza kulenga. Wasasi wetu wa mashamba, wenye mbwa na nyavu, mambo haya walisomeshwa na baba zao. Kijana wa Ohio hana wa kumuonyesha.

Sehemu ya nyama iliyozunguka tundu la risasi ikatwe itupwe, hasa ikiwa watoto na wajawazito wataila, kwani vipande vidogo vya risasi husambaa na ni sumu. Nguruwe mwitu, ambaye silaha hii hutangazwa sana kwa ajili yake, anafaa kuuawa akiharibu mazao. Kuliwa hapana.

Kuhusu kujifurahisha: kulenga shabaha kuna asili katika dini, na Hadith ya Uqbah bin Aamir katika Sahih Muslim inaifasiri nguvu kuwa ni kurusha. Kupiga makopo, karatasi na vibao vya chuma kunajuzu, maadamu hapana kamari. Kukiwekwa zawadi na mtu wa nje ya washindani, hapana neno. Kilichokatazwa kwa laana ni kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, kama alivyowakemea Ibn Umar vijana wa Kikureishi waliomfunga ndege wakamrushia mishale. Anayempiga mnyama kwa mbali ili aone tu kama risasi itafika yuko karibu na hao.

Na ipo Hadith ya Abdullah bin Mughaffal, ya kukatazwa kurusha kokoto kwa vidole, kwa sababu hakuwindi mnyama wala hakumdhuru adui, bali kunavunja jino na kutoboa jicho. Hatusemi silaha hii ni haramu kwa kuikisia na kokoto, hapana. Lakini sababu iliyotajwa inamfaa kila mnunuzi kujiuliza: faida yake inaifikia hatari yake?

Jibu letu kwa mzee ni hili. Mwanawe hakatazwi. Ikiwa shabaha yake ni kuwinda, anunue bunduki kamili ya wenzo, atapata nyama zaidi na mnyama atateseka kidogo. Ikiwa ni kufurahi uwanjani, ipo fupi hiyo hiyo ya Henry ya risasi ndogo ya .22, haipigi teke na risasi zake ni rahisi, wakati ya .44 risasi moja hufika dola moja au zaidi. Na ikiwa moyo umeshikilia hii nene, asimuelekezee kulungu mpaka aweze kupiga mara tano mfululizo ndani ya sahani ya sentimita 20, na umbali atakaokosa ndio mpaka wake. Masikio yazibwe, kwani mtutu mfupi unapiga kelele ya kuharibu masikio. Nyumbani ifungiwe kabatini kwa ufunguo, risasi mahali pengine, na watoto wasijue ufunguo ulipo. Mama naye aambiwe haya yote na mwanawe mwenyewe, kwa simu, kabla pesa haijatoka.

Wallahu a'lam.