Historia ya etajere ya Masisi: kwa nini ubao unapinda

KIROTSHE, Masisi – Katika nyumba nyingi za mbao kando ya barabara inayotoka Sake kwenda Minova, etajere ndiyo kabati, ndiyo depo, na mara nyingine ndiyo butiki yenyewe. Inabeba sahani, sufuria, bidoni ya mafuta na maharagwe ya mbegu. Ikipinda, vyombo vinateleza kuelekea katikati, misumari inang'oka, na akiba ya familia inamwagika chini. Kupinda huko kuna historia yake, na ndani ya historia hiyo kuna dawa.

Kabla ya msumeno kuenea, watu wa vijijini Kivu waliweka vitu juu ya uchanja: fito zilizofungwa kwa kamba juu ya miguu iliyochimbiwa ardhini. Hakukuwa na ubao mpana. Fito zilikuwa nene na miguu ilikaribiana, kwa hiyo mzigo haukupata nafasi ndefu ya kuzilegeza.

Ubao ulienea wakati wa ukoloni. Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawa ardhi kwa walowezi. Msitu wa vilima vya Masisi ukakatwa kwa ajili ya mashamba, na baadaye sehemu kubwa ikawa malisho ya ng'ombe. Miti mizito kama muvula ikabaki kutafutwa mbali, kwenye msitu wa upande wa Walikale. Vilimani ikapandwa mikaratusi, mti wa asili ya Australia unaokua haraka. Mpaka leo huo ndio ubao ambao mwananchi wa kawaida anauweza.

Tarehe 17 Januari 2002, volkano Nyiragongo ililipuka na lava ikaingia Goma. Watu zaidi ya 100,000 wakakosa makao. Juu ya mawe yale magumu kuchimba msingi ni kazi kubwa, basi wengi wakajenga nyumba za mbao. Ubao mwembamba ukawa ukuta, ukawa mlango, na kipande kilichobaki kikawa etajere.

Mkaratusi si mti dhaifu. Shida ni kwamba unapasuliwa mwembamba, unauzwa ukiwa mbichi, na unawekwa juu ya nafasi ndefu. Ubao mbichi ukikauka chini ya mzigo, unashika ule mpindo na haurudi tena.

Hesabu yake inajulikana. Ukiongeza mara mbili nafasi kati ya mihimili, huku vitu vimepangwa sawasawa juu ya ubao wote, ubao uleule unapinda mara 16 zaidi. Ukiongeza unene mara mbili, mpindo unapungua mara 8. Ndiyo maana muhimili mmoja wa katikati unasaidia kuliko kutafuta mti wa bei kali.

Jambo la pili liliandikwa na Galileo katika kitabu cha mwaka 1638: ubao uliosimama kwa ubavu unahimili kuliko ule uliolala. Seremala wa Masisi anajua hilo anapojenga paa, maana mbao za paa anazisimamisha. Akifika kwenye etajere, analaza. Dawa ni kupigilia kipande chembamba, kimesimama, chini ya ukingo wa mbele. Kipande cha unene wa sentimeta 2 na kimo cha sentimeta 5 kinakataa kupinda kuliko ubao mzima wa sentimeta 25 uliolala wenye unene uleule.

Masisi ina shule nyingine ya jambo hili: nyumba za jibini. Utengenezaji wa jibini ulienea hapa katika miaka ya 1970, ukiletwa na wamisionari Wabelgiji. Jibini linakomazwa juu ya mbao, na linageuzwa mara kwa mara ili likauke pande zote. Ubao ukipinda, jibini changa linachukua umbo la ubao, na unyevu unakusanyika katikati. Mbao zinazobeba mzigo mzito kila siku, mwezi baada ya mwezi, zinadai mihimili ya karibu.

Kwa anayetaka kujenga nyumbani, mafunzo hayo yanatosha. Anunue ubao mapema na kuupanga kivulini, vipande vidogo vikitenganisha mbao ili hewa ipite. Mihimili iachane kwa sentimeta 60 hivi, na kwa vitu vizito ikaribiane zaidi. Ubao ulale juu ya muhimili wenyewe, usining'inie kwenye misumari peke yake. Ukingo wa mbele upate kipande cha kusimama. Sufuria kubwa na bidoni vikae karibu na mihimili au chini kabisa, sahani juu.

Hakuna hata kimoja hapo kinachodai muvula ya Walikale. Mkaratusi wa kilimani unatosha, ukikaushwa na kushikwa vizuri. Kwa familia iliyokimbia mara mbili au tatu na kuanza upya na sahani chache, mbegu zikikaa salama mpaka msimu wa kupanda, etajere imekwisha kulipa gharama yake.