Mgomo wa Malipo Sawa, Glasgow (2018)

Mgomo wa saa 48 uliofanywa tarehe 23 na 24 Oktoba 2018 na wanawake zaidi ya 8,000 walioajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Glasgow, Uskoti, chini ya vyama vya wafanyakazi vya GMB na Unison. Wengi wao walikuwa wapishi na wasafishaji wa shule, pamoja na wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani.

Kiini cha mgogoro ni mfumo wa kupanga mishahara ulioanza miaka ya 2006 na 2007. Ulitakiwa kuondoa ubaguzi, lakini ulitoa nyongeza kwa aliyefanya kazi saa 37 kwa wiki. Mhudumu anayemwogesha mzee alfajiri, akarudi jioni kumlaza, mara nyingi hakufikisha saa hizo, ingawa siku yake nzima ilikatwa vipande na kazi. Wanaume waliopoteza bonasi zao, kwa mfano wazoa taka, walilindiwa kipato kwa miaka mitatu. Huo ulikuwa ubaguzi uliovikwa vazi la hesabu, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Madai ya Uskoti iliamua dhidi ya halmashauri.

Siku ya mgomo wazoa taka wengi walikataa kuvuka mstari wa wagomaji. Januari 2019 yalifikiwa makubaliano ya takriban pauni milioni 548, na halmashauri ikauza kumbi zake kadhaa kisha ikazikodi tena ili ipate fedha za kuwalipa wanawake hao.