Laptopu ya shule haiwaki? Jaribu haya kabla ya kwenda kwa fundi

Laptopu ikigoma kuwaka, usidhani imekufa. Mara nyingi shida ni umeme, hasa katika makazi kama Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, ambako nyumba nyingi hutumia sola. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Pima umeme. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Simu isipochaji, shida iko kwenye soketi. Kumbuka: chaja nyingi za laptopu huhitaji wati 45 hadi 65. Sola ndogo ya taa na simu haiwezi kuzitoa.

2. Kagua chaja. Tafuta waya uliokatika au kichwa kilicholegea. Ukiazima chaja nyingine, volti zake zilingane na za chaja yako, na ampea zisipungue.

3. Ichaji kwa dakika 30 kabla ya kuiwasha. Betri iliyoisha kabisa huchelewa kuamka.

4. Chomoa chaja, flashi na mausi. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha achia. Rudisha chaja na uwashe tena.

5. Taa inawaka lakini skrini ni nyeusi? Mulika skrini kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, mashine inafanya kazi. Kilichoharibika ni mwanga wa skrini.

Acha kuitumia mara moja

Ikiwa betri imevimba, kuna harufu ya kuungua au maji yameingia, zima na uchomoe chaja. Usiikaushe kwa moto wala juani. Betri iliyovimba usiibonyeze wala kuitoboa, maana inaweza kushika moto. Iweke mbali na kitanda na jiko, na uijulishe shule.

Mwambie mwalimu mapema

Usiifungue, wala usimruhusu fundi wa mtaani kuweka programu upya bila idhini ya shule. Kazi ambazo hazijahifadhiwa kwingine zinaweza kufutika. Mweleze mwalimu shida ilianza lini na umejaribu nini. Kama kuna maandishi kwenye skrini, yapige picha.

Wazazi, msiwatishe watoto. Mtoto anayeogopa kwamba mtalipishwa ataificha laptopu, na masomo yatampita. Someni fomu mliyosaini mlipoipokea, na muulize shule nani hugharamia matengenezo. Mnapoirudisha, ombeni karatasi inayothibitisha kwamba imepokelewa.