Hitilafu Iliyofungwa na Mlipaji wa Rhonda

Miongoni mwa waandishi wa programu, hitilafu iliyofungwa ni taarifa ya kosa lililotokea ndani kabisa ya mfumo, ambayo tabaka la juu huivika taarifa nyingine ya jumla kabla ya kuikabidhi kwa programu ya mteja, yaani ile inayotumia huduma ya seva bila kuimiliki. Desturi hiyo ilienea katika programu za mashirika makubwa mwishoni mwa miaka ya 1990, lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1996, ilipotumika kuunganisha kompyuta zilizo mbalimbali, kwa kuwa seva haikupaswa kumfunulia mteja siri za hifadhidata yake. Tatizo ni kwamba wengi waliofunga hitilafu waliitupa sababu yake ya asili; Java 1.4 ya mwaka 2002 ndiyo iliyoipa kila hitilafu mahali rasmi pa kubebea chanzo chake.

Rhonda, mtaa wa wapangaji ulio magharibi mwa Nakuru, karibu na hifadhi ya ziwa, ulifikiwa na desturi hiyo kupitia simu ya mkononi. Kampuni ya simu ya Safaricom ilizindua huduma ya fedha ya M-Pesa Machi 2007, na hadi mwaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Lipa na M-Pesa, ya kulipia dukani, ilikuja mwaka 2013, na mwaka 2017 likafunguliwa Daraja, lango linalowawezesha waandishi wa programu kuunganisha mifumo ya mauzo, karo au kodi ya nyumba na malipo hayo.

Katika lango hilo ufungaji una sura ya pekee, na ndipo makosa mengi huzaliwa. Programu ya mwenye duka inapoomba simu ya mnunuzi ioneshe dirisha la namba ya siri, jibu la kwanza lenye sifuri humaanisha tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe huja baadaye, katika bahasha ya pili, yakiwa na msimbo wake: 1 kwa salio pungufu, 1032 kwa mlipaji aliyeghairi, 1037 kwa simu isiyopatikana. Kuandika “malipo yameshindikana” kwa misimbo yote mitatu ni kumdhulumu mwenye duka, anayehitaji kujua papo hapo kama mnunuzi aongeze salio au atafute mtandao. Bahasha ya pili isipofika kabisa, Daraja lina njia ya kuulizia hali ya ombi, na programu inayoiruka njia hiyo ikaomba malipo upya inaweza kumtoza mnunuzi mara mbili.